Ufanisi wa nishati katika mwendo wa wanawake wabeba mizigo

Ufanisi wa nishati katika mwendo ni kipimo cha nishati anayotumia mtu kutembea umbali fulani, akiwa mikono mitupu au amebeba mzigo. Hukadiriwa kwa kupima oksijeni ambayo mwili hutumia. Tofauti baina ya makundi ya wanawake zimechunguzwa hasa kwa wale waliozoea kujitwika mizigo tangu utotoni.

Vipimo vya Kenya

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, alichapisha pamoja na wenzake katika jarida la Nature matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu waliotembea juu ya mashine ya mkanda. Wajaluo walijitwika mzigo kichwani. Wakikuyu waliubeba mgongoni kwa mukwa, ukanda unaopita mbele ya kichwa. Makundi yote mawili yalibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kuongeza matumizi ya oksijeni. Kuanzia hapo gharama ilipanda kadiri mzigo ulivyoongezeka: mzigo wa asilimia 30 uliongeza matumizi kwa takriban asilimia 10. Kwa watu wasiozoea, hata mzigo mdogo huongeza gharama.

Siri ya hatua

Mtu anapotembea, mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga huku ukipunguza kasi, kisha hushuka ukiongeza kasi. Nishati ya kimo hugeuka kuwa nishati ya mwendo na kurudi tena, kama bembea inayokwenda na kurudi. Mtembeaji wa kawaida huokoa takriban asilimia 65 ya nishati hiyo katika kila hatua. Sehemu inayobaki hulipwa na misuli.

Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walionyesha kwamba wanawake wa Kenya walipobeba mzigo, mabadilishano hayo yalizidi kuwa mazuri. Wazungu waliolinganishwa nao hawakupata nafuu hiyo. Kwa hiyo akiba ilitoka katika namna ya kukanyaga.

Matokeo yanayopingana

Haifai kudhani kwamba kila mwanamke wa Kiafrika anayejitwika mzigo hupata nafuu hiyo. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini. Kwa wastani, kubeba kichwani hakukuwa na gharama ndogo kuliko kubeba mgongoni, hata kwa wenye uzoefu wa miaka mingi. Wanawake walitofautiana sana wao kwa wao: wapo waliookoa nishati nyingi kwa kutumia kichwa, na wapo waliopata hasara. Wastani wa kundi, basi, hauwezi kusema lolote la hakika kuhusu mtu mmoja.

Nchini Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwapima wapagazi wanaobeba kwa ukanda wa kichwani katika njia ya milimani iendayo Namche. Wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wa miili yao, na wanawake asilimia 66. Kwa mizigo mizito, wapagazi hao walitumia nishati kidogo kuliko wanawake wa Kenya.

Maana kwa maisha ya kila siku

Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe, yaani theluthi ya uzito wa mwanamke huyo. Hata kwa wale waliopimwa Kenya, uwezo wa kubeba bila gharama ya ziada huisha kabla ndoo haijajaa. Tena oksijeni haipimi shingo inayouma wala muda unaopotea njiani. Ustadi wa wanawake hawa unastahili heshima kama maarifa ya mwili, lakini haupunguzi hata kidogo haja ya kuwasogezea bomba karibu na nyumba.