Filamu ya Bobi Wine na mji ulioanzia ngomeni

"Bobi Wine: The People's President" ni filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki wa Uganda Robert Kyagulanyi Ssentamu, maarufu kama Bobi Wine, tangu alipochaguliwa mbunge wa Kyadondo Mashariki mwaka 2017 hadi uchaguzi wa rais wa Januari 2021. Waongozaji wake ni Christopher Sharp na Moses Bwayo.

Kampala, mji alikokulia Kyagulanyi, imezoea siasa za mtutu. Mwishoni mwa 1890 Kapteni Mwingereza Frederick Lugard alijenga ngome kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala, na Januari 1892 bunduki yake ya Maxim iliamua vita vya Mengo dhidi ya jeshi la Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Mji ukakua kuizunguka ngome hiyo. Sasa juu ya kilima umesimama Msikiti wa Taifa, na chini yake ni teksi, maduka na vijana watafuta riziki, watu wa namna ya wale wa Kamwokya alikokulia Kyagulanyi.

Desemba 2017 Bunge liliondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais, na Yoweri Museveni, aliye madarakani tangu 1986, akapata njia ya kugombea tena. Kyagulanyi alipinga. Agosti 2018, katika kampeni za uchaguzi mdogo mjini Arua, dereva wake Yasin Kawuma aliuawa kwa risasi. Mbunge mwenyewe alikamatwa na, ingawa ni raia, akapelekwa mahakama ya kijeshi kwa shtaka la silaha. Shtaka hilo lilipofutwa alifunguliwa jingine la uhaini katika mahakama ya kiraia, naye akatokea akijikongoja kwa magongo. Mwaka uliofuata aliwekwa rumande katika gereza la Luzira.

Novemba 2020, akiwa mgombea urais, alikamatwa tena, safari hii huko Luuka. Katika maandamano yaliyofuata waliuawa watu wasiopungua 54. Bwayo naye alijeruhiwa usoni kwa risasi akipiga picha, na baadaye akakimbilia Marekani na mkewe. Nguvu kubwa ya filamu ipo nyumbani kwa Kyagulanyi, huko Magere: mke wake, Barbie, na watoto wao wakiishi na hofu ambayo taarifa za habari haziioneshi. Baada ya kura, nyumba hiyo ilizingirwa na askari kwa siku kadhaa, mpaka mahakama ilipoamuru waondoke. Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 58, Kyagulanyi akipewa 35.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza Venice, Septemba 2022, na mwaka 2024 iliteuliwa kuwania Oscar. Tuzo ilikwenda kwa filamu kuhusu Mariupol, Ukraine.