Mgongo Uliopinda: Somo Kutoka Historia ya Mulago



Ndugu wasomaji, mtoto mwenye mgongo uliopinda mara nyingi huitwa "kibiongo" mtaani mpaka jina alilopewa siku ya akika linasahaulika. Wapo wanaosema ni laana, na wapo wanaosema amerogwa. Historia ya hospitali ya Mulago, Kampala, inatufundisha jambo jingine: migongo mingi ilipinda kwa maradhi yanayojulikana, na mengi kati ya hayo yanazuilika.

Kwanza tuujue uti wa mgongo wenyewe. Ukiutazama kutoka nyuma, umenyooka. Ukiutazama kutoka ubavuni, una mapindo yake ya kawaida: shingoni na kiunoni unaingia ndani, na kati yake unatoka nje kidogo. Tatizo ni pale pindo linapozidi kiasi, au uti unapokwenda upande na kujisokota. Waganga wameyachunguza haya tangu zamani. Ibn Sina (980–1037) alizieleza pingili za mgongo katika kitabu chake Al-Qanun, na Al-Zahrawi wa Andalusia aliandika juu ya kutibu pingili zilizoteguka.

Tuje Mulago. Hospitali hii ilianzishwa mwaka 1913 na Dk. Albert Cook. Mwaka 1924 mafunzo ya udaktari ya Makerere yalianza, na jengo jipya la hospitali likafunguliwa 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda.

Mwaka 1960 alifika daktari wa mifupa, Ronald Huckstep. Alikuta watoto wengi waliopoozwa na polio, baadhi yao wakitambaa chini. Virusi vya polio huua seli za neva zinazoendesha misuli. Misuli ya upande mmoja wa mgongo ikilegea, ile ya upande wa pili huuvuta uti, na mtoto anavyokua ndivyo unavyozidi kupinda. Vifaa vya kutoka ng'ambo vilikuwa ghali, hivyo vyuma vya kushikilia miguu vikatengenezwa papo hapo Uganda kwa vitu rahisi kama chuma, ngozi na mbao. Watoto waliotambaa wakasimama. Huckstep aliondoka Uganda 1972, na mwaka 1975 akatoa kitabu kuhusu polio kwa ajili ya nchi zinazoendelea.

Lakini chuma hakirudishi neva iliyokufa. Kilichopunguza vilema hivi ni chanjo: ya sindano iliyoanza kutumika 1955, kisha ya matone. Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi vya asili vya polio. Hata hivyo, aina nyingine ya virusi hivyo huibuka pale watoto wengi wanapokosa chanjo.

Sababu nyingine ni kifua kikuu cha mifupa, alichokieleza daktari Percivall Pott wa London mwaka 1779. Vijidudu hula pingili kwa mbele, zinaporomoka, na nundu inachomoza. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kupooza miguu. Leo dawa zipo, na akiwahishwa hupona.

Ipo pia skoliosisi inayoanza umri wa kubalehe bila sababu kujulikana, na inayozidi zaidi kwa wasichana. Haitokani na uchawi, wala na mkoba mzito wa shule.

Wazazi wapendwa, fanyeni haya:

1. Kamilisheni chanjo za watoto.
2. Mwambie mtoto ainame mbele, miguu pamoja, mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali.
3. Maumivu ya mgongo yasiyokwisha, pamoja na homa au kukonda, yasisubiri.
4. Msimfiche mtoto ndani. Pindo linalogunduliwa mapema ni rahisi kulidhibiti kuliko lililokomaa.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta tiba, na Qur'ani katika Suratul Hujurat imetukataza kuitana kwa majina mabaya. Basi mtoto huyu tumwite kwa jina lake, akae safu moja na wenzake madrasa, na asiyeweza kusimama aswali amekaa, kwani dini yetu imemruhusu.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.