Mzaha wa watunga programu wabeba onyo

Miongoni mwa watunga programu za kompyuta upo mzaha usiochakaa: programu imethibitishwa kihisabati kuwa ni sahihi, kilichobaki ni kuona kama inafanya kazi.

Chimbuko lake mashuhuri ni waraka wa mwaka 1977. Donald Knuth, mwanasayansi wa Marekani, alimtahadharisha mwenzake wa Uholanzi, Peter van Emde Boas, kuhusu makosa katika programu aliyomwandikia, kwa kuwa alikuwa ameithibitisha tu, hakuwa ameijaribu.

Hata hivyo, majaribio nayo hayatoshi. Edsger Dijkstra, pia wa Uholanzi, alisisitiza kuwa majaribio huonyesha kuwapo kwa makosa, wala si kutokuwapo kwake.

Ukweli wa mzaha huo ulidhihirika mwaka 2006, pale Joshua Bloch, wakati huo mhandisi wa Google, alipoeleza kosa lililodumu takriban miaka tisa katika programu aliyoiandikia lugha ya Java. Programu hiyo hutafuta kama msomaji wa kamusi: hufungua katikati, kisha huacha nusu isiyohitajika. Kanuni yake ilikuwa imethibitishwa kitabuni na Jon Bentley mwaka 1986.

Uthibitisho ulichukulia kuwa namba hazina kikomo. Ndani ya Java, jumla ya nafasi mbili ikizidi 2,147,483,647 hugeuka kuwa hasi, na programu hukwama. Kwa kuwa kosa lilihitaji orodha yenye vitu zaidi ya bilioni moja, majaribio ya kawaida hayakulinasa.