Abdulrazak Gurnah: Mwalimu wa Kiingereza Aliyeiandika Pwani Yetu

Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021, alizaliwa Unguja tarehe 20 Desemba 1948. Alikulia mtaa wa Malindi, karibu na bandari, na wasomaji wa Malindi ya huku kwetu wasichanganye. Kiswahili ndicho alichokiongea nyumbani, Kurani aliisoma chuoni, na Kiingereza alikikuta shule ya serikali ya kikoloni.

Alikuwa na miaka 15 Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea. Familia zenye asili ya Kiarabu ziliandamwa, na yeye akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana wa miaka 18. Alifikia Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, na kabla mambo hayajamnyookea alipata kufanya kazi ya mikono hospitalini. Kurudi hakukuwezekana hadi mwaka 1984, akamdiriki babake muda mfupi kabla mzee hajafariki.

Kazi iliyomweka mjini ni ualimu. Alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, tangu 1980 hadi 1983, na katikati ya muda huo, mwaka 1982, Chuo Kikuu cha Kent kikampa shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi. Mwaka 1985 akaajiriwa Kent yenyewe, na hapo akabaki hadi alipostaafu mwaka 2017 akiwa profesa wa Kiingereza na fasihi za nchi zilizotawaliwa. Wanafunzi wake wengi walikuwa Waingereza. Tebo mtoto wa Unguja awe ndiye anayewafunza Waingereza fasihi ya lugha yao! Pia alihariri juzuu mbili za insha kuhusu uandishi wa Kiafrika, na aliandika utangulizi wa toleo moja la A Grain of Wheat, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o wa hapa Kenya.

Riwaya aliziandika pembeni mwa kazi hiyo. Ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, naye akikaribia miaka 40. Humo kijana Hassan anatoka mji wa pwani kwenda Nairobi kwa mjombake tajiri, akitarajia kusaidiwa. Pilgrims Way ya 1988 ni ya Daud, Mtanzania anayefanya kazi hospitali ya Canterbury, na Dottie ikafuata mwaka 1990.

Iliyomtoa ni Paradise ya mwaka 1994, iliyoingia orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz. Kumbe si ami yake: babake ana deni, na mtoto amewekwa rehani. Msafara wa biashara unaingia bara, na Wajerumani nao wanajongea. Wapo wanaoisoma kama kitabu cha kuwalaumu wazungu tu. Mimi naona hawakukisoma vizuri, kwani Gurnah anafunua pia dhuluma zetu wenyewe: watwana, vijakazi, watoto walioliwa na madeni ya wazazi wao. Hayo ni mambo ambayo barazani tunayapitia kwa haraka, na pengine ndiyo sababu vitabu vyake vinatukera kidogo.

By the Sea ya mwaka 2001 inaanzia uwanja wa ndege wa Gatwick. Mzee Saleh Omar anaomba hifadhi kwa jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza, na ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kikasha chake cha udi. Asiyeijua harufu ya udi atasoma ukurasa huo apite. Sisi tunaelewa kilichochukuliwa.

Kwa msomaji wa Pwani ya Kenya, kitabu cha kuanzia kiwe Desertion, cha mwaka 2005. Mwaka ni 1899, katika mji mdogo kaskazini ya Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda kuadhini, anakutana na Mwingereza aliyechoka hoi akitokea porini. Mgeni huyo, Pearce, anapendana na Rehana, dadake Hassanali, na mapenzi hayo yanawafuata hadi wajukuu.

Waliobishana Oktoba 2021 kama Gurnah ni Mzanzibari, Mtanzania au Mwingereza walikuwa na hoja, maana Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili. Lakini swali lililonisumbua mimi ni jingine: tulishangilia, na ni wangapi tulikuwa tumemsoma? Riwaya kumi alikuwa ameshazitoa, zote kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yamejaa humo, naye amekuwa akikataa wachapishaji wayalaze kwa herufi za mshazari kama vitu vya kigeni, lakini bibi asiyesoma Kiingereza hayamfikii. Paradise ilipata Kiswahili mwaka 2022, kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Ni miaka 28 baada ya asili yake.

Mwaka 2025 alitoa Theft, riwaya yake ya kwanza tangu Nobel. Ndani yake yumo Badar, kijana mtumishi wa nyumbani anayesingiziwa wizi.