Maonesho ya Nane Nane: je, bado yanamlipa mnunuzi anayetoka Songea?

Kila ifikapo mwezi Julai, ujumbe unaotufikia studio hubadilika. Wakulima wameshavuna, wengine wameshauza magunia ya kwanza ya mahindi, na fedha kidogo ipo mkononi. Swali linalorudi ni lile lile: "Ninataka kununua mashine. Niende Nane Nane Mbeya, au ninunue hapa hapa mjini?"

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ukifuata bei nafuu peke yake, mara nyingi safari haitakulipa. Ukifuata kuona, kulinganisha na kuuliza kabla ya kutoa fedha nyingi, inaweza kukulipa kuliko punguzo lolote. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tunayoieleza hapa.

Maonesho tunayoyazungumzia

Nane Nane ni Sikukuu ya Wakulima, inayoadhimishwa tarehe 8 Agosti. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Sabasaba, Julai 7, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Baadaye wakulima wakapata siku yao, na Sabasaba ikabaki na sura ya biashara: maonesho ya kimataifa ya Dar es Salaam, yanayosimamiwa na TanTrade katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa.

Nane Nane hufanyika kwa kanda, kwa kawaida kuanzia Agosti 1 hadi 8. Mkoa wetu wa Ruvuma upo Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pamoja na Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa na Katavi, na uwanja wa kanda ni John Mwakangale jijini Mbeya. Wenzetu wa Tunduru wanaolima korosho wengi hutazama upande wa kusini pia, kwenye viwanja vya Ngongo mkoani Lindi, kwa sababu huko ndiko zao lao linakozungumzwa zaidi.

Bei siyo siri tena

Miaka ya nyuma, mkulima wa Peramiho au Namtumbo alikuwa hana namna ya kujua bei ya mashine ya kupukuchua mahindi mpaka aione kwa macho. Maonesho ndiyo yaliyokuwa soko, duka na gazeti kwa pamoja. Leo muuzaji wa Dar es Salaam anaweka picha na bei kwenye simu, anakupigia, anakutumia video ya mashine ikifanya kazi, kisha anapakia mzigo kwenye basi. Hata wauzaji wa maduka ya pembejeo mjini Songea wanajua bei ya Mbeya, na wanajua kuwa wewe pia unaijua.

Jambo hili haliwagusi wakulima wa Ruvuma peke yao. Huko Marekani, ambako bunduki huuzwa kwenye maonesho ya mwisho wa wiki, wanunuzi wa muda mrefu wanaulizana kama bado kuna haja ya kulipa kiingilio na mafuta ya gari, wakati bei zote zipo mtandaoni. Kwetu silaha haiuzwi hivyo, kwa maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni. Lakini somo lao linahusu hata pampu ya maji: bei ikishakuwa wazi kwa kila mtu, maonesho hubaki na kazi nyingine.

Piga hesabu kabla ya kukata tiketi

Kutoka Songea hadi Mbeya kupitia Njombe na Makambako ni zaidi ya kilomita 400. Hiyo ni safari ya siku nzima, na kurudi siku nyingine. Tuchukue mfano. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili na chakula vinafika shilingi 150,000. Weka takwimu zako mwenyewe, hesabu ni ile ile.

Ukienda kununua bomba la kupulizia dawa ukapata punguzo la shilingi 10,000, umepoteza 140,000. Hilo liko wazi kwa kila mtu. Sasa chukua mashine ya kupukuchua ya shilingi 2,500,000, muuzaji akakupa "bei ya maonesho" pungufu kwa 200,000. Unafurahi. Toa 150,000 za safari, zinabaki 50,000. Kuusafirisha mzigo hadi Songea, kushusha na kupakia tena kwenda kijijini, tuseme 80,000. Umeingia hasara ya 30,000, pamoja na siku tatu ulizokuwa nje ya kazi.

Kwa hiyo hata punguzo linaloonekana kubwa huliwa na barabara. Lakini geuza mfano. Ungenunua mashine hiyo hiyo bila kuiona, ikagundulika kuwa inavunja punje, au mkanda wake haupatikani popote Ruvuma, ungekuwa umepoteza msimu na sehemu kubwa ya 2,500,000. Hapo ndipo thamani ya safari ilipo.

Vya kununua nyumbani

Mbolea ya ruzuku usiifuate Mbeya. Mpango huo ulizinduliwa tarehe 8 Agosti 2022 kwenye maonesho hayo hayo ya Mbeya, lakini unavyofanya kazi ni kwamba mkulima anasajiliwa kijijini, anapata namba, kisha ananunua kwa wakala aliyesajiliwa. Banda la maonesho halikuongezei chochote, na kubeba mifuko ya kilo 50 kuvuka Njombe ni gharama tupu.

Majembe, mapanga, mabomba ya kupulizia, maturubai na magunia vyote vinapatikana mjini. Viuatilifu pia nunua kwa muuzaji wa karibu mwenye kibali na duka linalojulikana. Ukikuta chupa ina tatizo, unajua pa kuirudisha. Muuzaji wa banda akishafunga turubai tarehe 8 jioni, kumpata ni kazi.

Vya kufuata maonesho

Cha kwanza ni mbegu, lakini kwa kuziona, si lazima kwa kuzinunua. Taasisi za utafiti na kampuni za mbegu hupanda vipando uwanjani miezi kadhaa kabla, hivyo ukifika Agosti unaona mahindi, maharage au alizeti vikiwa vimesimama. Unaweza kulinganisha mbegu tano kwa hatua ishirini. Hakuna picha ya simu inayokupa hilo.

Kumbuka hata hivyo kwamba kipando kimemwagiliwa, kimewekewa mbolea ya kutosha na kinapaliliwa na watu wanaolipwa. Shamba lako halitafanana nacho. La pili ni mwinuko. Uyole, Mbeya, ipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Songea mjini ni zaidi kidogo ya mita 1,100. Tunduru ni takriban 700, na mwambao wa Ziwa Nyasa kule Mbamba Bay uko chini ya mita 500. Mbegu ya mahindi iliyotengenezwa kwa nyanda za juu huchelewa kukomaa, na ukiipeleka ukanda wa chini wenye joto na mvua fupi inaweza kukuangusha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtaalamu wa kipando liwe: "Mbegu hii ni ya mwinuko gani, na inakomaa kwa siku ngapi?" Akikujibu tu kwamba inazaa sana, muulize tena.

Ukishaipata, andika jina lake. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo mbegu utakayonunua Agosti itakaa ndani miezi mitatu au zaidi. Kama wakala wa Songea anaiuza, inunue kwake karibu na msimu. Pakiti iwe na lebo ya TOSCI, ile yenye namba ya siri ya kukwangua, nawe uikwangue na kuihakiki kabla ya kupanda.

Cha pili ni mashine: trekta, pawatila, mashine za kupukuchua, za kukamua alizeti, za kukoboa na kusaga, pampu za umwagiliaji. Hapa tunasema nenda, kama una uwezo. Mwaka 2009, chini ya Kilimo Kwanza, pawatila zilisambazwa kwa wingi nchini. Nyingi ziliishia kuvuta matela ya mizigo au kuegeshwa, kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu kuliko nguvu zake, mafundi walikuwa wachache na vipuri vilikuwa mbali. Mashine zilifika, huduma haikufika. Maonesho ndiyo sehemu ambayo muuzaji, fundi wake na mara nyingine mtengenezaji mwenyewe wamesimama mbele yako kwa pamoja, na mshindani wao yupo banda la pili anasubiri ugeuke.

Cha tatu ni vile visivyopatikana kwetu: miche ya parachichi yenye asili inayojulikana, mbegu bora za mifugo, mashine za kutotolesha vifaranga, na zana zinazotengenezwa na wajasiriamali walio chini ya SIDO. Hata kama hununui siku hiyo, unarudi na namba ya simu ya mtu uliyeona kazi yake.

Kabla ya kutoa fedha

Mashine iwashwe. Usikubali kuonyeshwa ikiwa imezimwa na kupakwa rangi mpya. Kama ni ya kupukuchua, omba ipukuchue mahindi mbele yako, kisha chota punje mkononi uangalie ngapi zimevunjika na ngapi zimebaki kwenye gunzi. Chukua fundi unayemwamini kama unaweza, au mpigie simu ukiwa bandani na umtajie aina ya injini.

Uliza vipuri vinapatikana wapi. Jibu la "vipo tu" siyo jibu. Taka jina la duka la Songea, Njombe au Makambako, kisha lipigie simu papo hapo uulize kama wana beringi, mkanda au chujio ya mashine hiyo.

Uliza pia kama imepimwa. CAMARTEC ya Arusha ndiyo taasisi ya serikali inayofanya majaribio ya zana za kilimo, na muuzaji makini hataona vibaya kuulizwa.

Karatasi ni muhimu kama mashine yenyewe. Dai risiti ya EFD yenye jina la kampuni, andikiwa namba ya injini, na dhamana iwe kwenye maandishi ikieleza ni ya miezi mingapi, inahusu nini, na nani atalipa usafiri wa fundi. Lipa kwenye akaunti au lipa namba ya kampuni, siyo kwenye namba ya kijana aliyekupokea bandani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyofaa kwa kazi iliyokusudiwa, lakini ukishaikagua mwenyewe, ni vigumu kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungeionyesha. Kwa hiyo ukague kweli. Kwa bidhaa bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Neno moja kuhusu "mwisho leo". Wauzaji wengi hukwambia punguzo linaisha siku hiyo. Mwambie akuandikie bei hiyo kwenye ankara ya kifani yenye tarehe, ukalale nayo. Anayetaka kuuza atakuandikia. Siku mbili za mwisho baadhi yao hupunguza zaidi ili wasirudishe mizigo Dar es Salaam, lakini mashine zilizobaki nyingine ndizo zilizokuwa zikiwashwa kwa maonesho wiki nzima.

Nani aende?

Ushauri wetu kwa wakulima wadogo ni kutokwenda mmoja mmoja. Kikundi cha watu kumi wakichanga 15,000 kila mmoja wanatimiza zile 150,000 za mfano wetu, na wanamtuma mwenzao anayejua mashine, au wawili mkichanga zaidi kidogo. Aende na orodha iliyoandikwa, kiwango cha juu cha bei, na simu yenye chaji ya kupiga video. Mkiagiza mashine tatu kwa pamoja, hapo ndipo punguzo linapoanza kuwa na maana, maana na usafiri mnagawana. AMCOS nyingi zinaweza kufanya hivi kwa urahisi, kwa kuwa tayari zina uongozi na akaunti.

Mwenye kununua trekta au mashine ya mamilioni kwa fedha zake aende mwenyewe, na asibebe fedha taslimu. Aende siku za mwanzo, asubuhi, kabla umati haujajaa na wataalamu hawajachoka kujibu. Na anayetaka mbolea, jembe na bomba la dawa, abaki. Nauli hiyo inatosha kulipa vibarua wa kusafisha shamba kabla mvua hazijafika.