Jinsi ya kumvua walleye kwa chambo bandia kisicho na kidomo

SAMAKI aitwaye walleye, ambaye jina lake la kisayansi ni Sander vitreus, hutafutwa mno na wavuvi wa ndoana nchini Marekani na Kanada. Jimbo la Minnesota lilimtangaza kuwa samaki wake rasmi mwaka wa 1965, nalo Ziwa Erie husifika kwa wingi wa samaki huyo.

Nyuma ya jicho lake mna utando unaorudisha mwanga. Kwa sababu hiyo, huona vyema gizani kuliko samaki wadogo anaowala, na huwinda zaidi alfajiri, magharibi, usiku, au mchana wenye mawingu na mawimbi madogo.

Wengi humtafuta kwenye miamba na karibu na sakafu ya ziwa. Hata hivyo, majira ya joto yanapowadia, makundi makubwa huhamia maji makuu na kuelea katikati ya kina yakifuata mawindo. Hapo ndipo chambo bandia kisicho na kidomo kinapofaa.

Chambo hiki huundwa kwa mfano wa samaki mdogo aliye bapa. Tofauti na vingine, hakina kibamba kinachochomoza mdomoni ili kukizamisha. Mshipi hufungwa mgongoni mwake, nacho huzama kwa uzito wake chenyewe. Kinapovutwa hutetemeka kwa kasi, na gololi zilizomo tumboni hulia kama kayamba. Walleye huuhisi mtetemo huo ubavuni mwake hata kabla ya kukiona chambo.

Jambo la kwanza ni kujua kina. Mvuvi hukirusha chambo mahali ambapo kina chake anakijua, kisha huhesabu sekunde hadi kitue sakafuni. Iwapo kitazama mita 6 kwa sekunde 12, basi kitafika mita 4 kwa sekunde 8. Chombo cha kupima kwa mwangwi kikionyesha samaki walipo, yafaa chambo kipite juu yao kidogo, kwani walleye hupanda kushambulia kuliko kushuka.

Pili ni namna ya kuvuta. Ufito huinuliwa polepole hadi mkono uhisi mtetemo, kisha hushushwa ili chambo kizame. Aghalabu samaki hukinasa wakati huo wa kushuka. Hivyo mshipi usilegee kabisa, la sivyo mvuvi hatatambua lolote. Maji yakiwa baridi, miinuo iwe mifupi na ya taratibu. Yakipata joto, chambo kivutwe kwa kasi zaidi na kusitishwa mara kwa mara.

Aidha, walleye anayetolewa haraka kutoka kina cha zaidi ya mita 9 hudhurika kwa kuvimba kwa kibofu chake cha hewa. Wengi hufa hata wakirudishwa majini. Kwa hivyo, anayevua vilindini hana budi kukoma pindi anapotimiza idadi inayoruhusiwa na sheria, badala ya kuendelea kuvua na kuachilia.

Tahadhari hiyo si ya bure. Mnamo 1970, uvuvi wa walleye ulifungwa magharibi mwa Ziwa Erie baada ya zebaki kugunduliwa katika samaki. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya samaki hao kuongezeka tena.