Mzee 404 Asipite Hivi Hivi

Ukiliona gari aina ya Peugeot 404 likijikongoja barabarani, usilicheke. Ndilo lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Mara mbili dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua na matope viliangusha wengi. Yalimaliza magari 7 tu! Ajabu gani, basi, watu kuliamini? Gia ikiwa kwenye usukani, mbele walibanana watatu. Nyuma mikungu ya ndizi. Mwenye nalo uani, kabla hajamwita mnunuzi wa chuma chakavu, walau alipige picha na kuitunza kadi yake.